Steshenari ya Ngamiani ilipoachana na programu za kukraki

Duka lenyewe halina ajabu. Liko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba: kaunta ya mbao, mashine ya kopi, kompyuta tatu za mtumba, printa mbili, na ubao wa nje ulioandikwa kwa brashi kuchapa, kopi, kuskani, laminesheni, paspoti saizi, maombi ya ajira na mikopo. Wateja ni wanafunzi wa vyuo, watu wenye kesi wanaotaka nyaraka zao zichapwe, makarani wa mashamba ya mkonge wanaoshuka kutoka Muheza, kamati za harusi, na wazee wanaotaka kopi moja ya kitambulisho pamoja na maongezi ya nusu saa. Mwenye duka ni mama mtu mzima, karani mstaafu. Kaunta anaishika binti wa mdogo wake. Mimi ni fundi, huitwa mambo yakiharibika. Majina ya watu na la duka nayaacha.

Sikuitwa kwa sababu ya leseni. Hakuna mwenye steshenari ninayemjua aliyekosa usingizi kwa sababu ya leseni. Niliitwa kwa sababu ya flashi.

Mwanafunzi mmoja alileta ripoti yake ya mafunzo kazini, akachapiwa, akaenda zake. Alipoichomeka flashi chuoni, folda zake zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato: jina lilelile, kishale kidogo pembeni, ukibofya linapita dirisha jeusi na kutoweka. Mafaili yalikuwemo, yamefichwa tu. Kirusi cha aina hii ni cha zamani na werevu wake ni mdogo. Huzipa folda alama ya kufichwa ili Windows isizionyeshe, kisha huweka njia ya mkato yenye jina la folda, nayo hukipitia kirusi kwanza ndipo ikufungulie ulichokitaka. Anayebofya amekikaribisha mwenyewe. Fundi wa maabara ya chuo alikifuta, akayarudisha mafaili, kisha akawatahadharisha wanafunzi wasipeleke flashi duka lile. Kwa steshenari, hayo ni maneno ya kufungisha mlango.

"Mwanangu, wananiita duka la virusi," mama aliniambia kwenye simu. "Njoo uone mwenyewe."

Nilichokikuta kilikuwa cha kawaida kiasi cha kuchosha. Kompyuta zote tatu zilikuwa na Windows 10, Office iliyoamshwa kwa aktiveta, yaani programu ya kuidanganya iamini imelipiwa, na Photoshop ya kukraki, iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Kinga ya virusi ilikuwa imezimwa kote, na aliyeizima hakuwa kirusi. Ilizimwa siku programu hizo zilipowekwa, kwa sababu maelekezo ya kila aktiveta huanza na sharti hilo: zima kinga kwanza. Wakati mwingine sababu ni kwamba kinga inaitambua aktiveta yenyewe kuwa ni programu ya wizi. Wakati mwingine ndani yake mna kitu kingine, na aliyeketi mbele ya kompyuta hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. STOP, wanaoiita pia Djvu, ambayo ni programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, imesambaa duniani zaidi kwa mlango huo wa kukraki. Binti alipoulizwa kwa nini kinga haikuwashwa tena, jibu lake lilikuwa safi: "Kaka, ukiiwasha, Office inalala."

Kwa hiyo duka lilikuwa limeuza ulinzi wake ili lipate Word. Hapo ndipo pa kuanzia kuelewa kisa hiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na hilo nilimwambia mama. Lakini kilichomgusa ni hesabu ya wateja waliopotea.

Njia zilikuwa tatu. Kununua leseni za kompyuta zote tatu, mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Kusafisha virusi na kuendelea vilevile, hiyo ni kazi ya kurudi kila mwezi, kwa sababu flashi nyingine inakuja kesho na kinga bado imezimwa. Ikabaki ya tatu: kuhamia programu huria, zile ambazo leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia, kuzinakili, kuzigawa na hata kuzibadilisha. Wazo hilo lilianza kupangwa na Richard Stallman mwaka 1983 alipotangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kwa duka la Ngamiani maana yake ilikuwa ya karibu zaidi. Ningeweza kupakua mara moja kwa bando langu, kubeba kwenye flashi, na kuweka kwenye kompyuta zote tatu bila aktiveta, bila kuzima kitu, na bila kosa lolote. LibreOffice ni megabaiti mia kadhaa. Anayenunua bando anajua uzito wa jambo hilo.

Mafundi wengi wanaopenda programu huria huanza kwa kufuta Windows na kuweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, siku hiyohiyo, halafu hushangaa duka linapowaita warudishe Windows baada ya wiki. Msimamo wangu ni kwamba steshenari haifi kwa ubaya wa programu iliyo ndani. Hufa mlangoni, pale faili la mteja linapoingia na karatasi inapotoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu nilikaa kando ya kaunta na daftari, nikawa naandika kila kinacholetwa na kwa sura gani: faili la Word kwenye flashi, picha ya cheti kwenye WhatsApp, PDF ya fomu, kadi ya harusi "kama ile ya shangazi yangu mwaka jana", paspoti ya bluu, orodha ya wanakikundi iliyoandikwa kwa mkono. Daftari hilo lilinifaa kuliko makala yoyote ya kulinganisha programu. Lilionyesha, kwa mfano, kwamba Excel iliyosumbua watu kuikraki ilikuwa ikitumika kuchora majedwali tu. Hesabu zenyewe binti alizipiga kwa kikokotoo cha mezani, kisha akaandika majibu ndani ya visanduku.

Hatua ya kwanza tulibaki ndani ya Windows ileile. Tuliondoa Photoshop na aktiveta, tukasafisha, tukawasha kinga, tukaweka LibreOffice kwa kuchapa na majedwali, GIMP kwa picha, NAPS2 kwa kuskani, Firefox kwa mtandao, VLC kwa video na 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa. Hizo mbili za mwisho hazina la kusimulia. VLC ilizaliwa kwenye mradi wa wanafunzi Ufaransa, inafungua karibu kila video inayoletwa, na kazi yake inaishia hapo.

Paspoti nazo zilipita bila vurugu. Picha ya milimita 35 kwa 45, ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6 inabeba nane: safu mbili za nne nne. Niliandaa kiolezo kimoja ndani ya GIMP, binti akajifunza kuchagua mandhari na kuyamwagia bluu, na alichokuwa akikifanya Photoshop akawa anakifanya huku, kwa manung'uniko ya siku chache kuhusu vitufe kuhamia sehemu nyingine. Kwa kazi ya paspoti, anayedai GIMP haitoshi ama hajaijaribu ama anauza Photoshop.

Jambo moja dogo liliwafurahisha kuliko nilivyotarajia. Awali kila neno la Kiswahili lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu, kwa kuwa lugha ya ukaguzi ilikuwa Kiingereza. Mstari ukiwa chini ya kila neno, jicho linaacha kuuona, na makosa halisi yanapita pamoja na maneno sahihi. LibreOffice ina kamusi ya ukaguzi ya Kiswahili. Tulipoiweka kuwa lugha ya kawaida, ukurasa ukatulia na yaliyobaki mekundu yakawa ya kuangaliwa kweli. Menyu za Kiswahili pia zipo, na zina historia ya hapa nyumbani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya programu ambayo LibreOffice ilichipuka kutoka kwake mwaka 2010. Binti aliziangalia, akacheka kwa raha, akazirudisha za Kiingereza. Chuoni alifundishwa kwa Kiingereza na vidole vilikuwa vimeshazoea. Sikubishana naye.

Ugomvi wa kwanza

Ulikuja na ripoti nyingine ya chuo. Kijana alileta faili la Word lililoandikwa kwenye kompyuta mpakato mpya ya kaka yake. Lilipofunguliwa, kurasa zilisogea: jedwali lililokaa ukurasa mmoja likakatika mara mbili, na namba za kwenye yaliyomo hazikulingana tena na kurasa. "Dada, mmeniharibia kazi! Kabla ya hii programu yenu mpya mlikuwa mnachapa vizuri." Mama alikuwa amekaa pale pale. Alinitazama bila kusema neno, na kwa mama wa Tanga hilo ni neno tosha.

Chanzo kilikuwa fonti. Kwa miaka mingi, tangu Office ya 2007, Word ilianza kila ukurasa mpya kwa Calibri. LibreOffice ina jibu la Calibri: huja na fonti huria iitwayo Carlito, iliyosanifiwa ili kila herufi iwe na upana sawasawa na ya Calibri. Umbo linatofautiana kidogo, lakini mstari unakatika palepale, hivyo ukurasa hausogei. Cambria nayo ina Caladea, na Times New Roman na Arial zina ndugu zao kwenye familia ya Liberation. Kazi nyingi za duka zilikuwa zikipita salama kwa sababu hiyo bila mtu kujua. Lakini mwaka 2023 Microsoft iliiondoa Calibri kwenye nafasi hiyo na kuweka fonti mpya, Aptos. Aptos haimo kati ya fonti zinazokuja na LibreOffice, na Carlito haina vipimo vyake. Kompyuta ikikosa fonti huchukua nyingine iliyo karibu, na upana ukibadilika kwa herufi moja, kwenye ripoti ya kurasa arobaini tofauti hujikusanya mpaka jedwali linavunjika.

Hapa kuna jambo ambalo yule kijana hakuwa na namna ya kulijua, na wenye maduka wengi pia hawalijui: ile Office ya zamani iliyokrakiwa nayo haikuwa na Aptos. Faili lake lingesogea vilevile. Tofauti ni kwamba zamani lawama ingeangukia faili, na sasa imeangukia programu mpya, kwa kuwa chochote kigeni dukani ndicho hushukiwa kwanza.

Dawa haikuwa kutafuta fonti ya kukraki. Binti alimwomba kijana apigie simu nyumbani, kaka yake afungue faili kwenye kompyuta ileile lilipoandikwa, alihifadhi kama PDF na kulituma. PDF hubeba fonti zake ndani yake. Ilichapwa bila kusogea hata nukta. Kuanzia hapo likawekwa tangazo kaunta: kazi ya kuchapa tu iletwe kwa PDF, kazi ya kurekebisha iletwe kwa Word. Tangazo hilo limepunguza ugomvi kuliko programu yoyote niliyoiweka, na lingefaa hata kwa duka lenye Office ya kununua.

Vyeti vya watu kwenye tovuti za watu

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonishtua, ingawa hakuna aliyenilalamikia. Mifumo ya maombi ya kazi na mikopo huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Binti alikuwa akiskani cheti kwa rangi na kwa ubora wa juu, faili linakuja zito, mfumo unalikataa. Ufumbuzi wake ulikuwa kuingia kwenye tovuti yoyote inayojitokeza kwanza inayopunguza PDF bure, kupandisha cheti, na kulishusha likiwa dogo. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, matokeo ya kidato cha nne, vyote vilipitia kwenye seva ambazo hakuna aliyejua ni za nani, na bando lililiwa mara mbili, kupanda na kushuka.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sitaki kujifanya mwanasheria. Ninachosema ni kwamba mteja aliyempa binti kitambulisho alimpa yeye, hakukipa tovuti.

Kiini cha uzito kilikuwa kwenye skana. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Ukishusha hadi nukta 150, pikseli zinabaki robo, na cheti bado kinasomeka vizuri kwenye skrini, ndiko kinakokwenda. NAPS2 inaruhusu kuweka wasifu wa kuskani: mmoja kwa kuchapa, mwingine nikauita "Maombi", nukta 150, moja kwa moja kwenda PDF, kurasa zote ndani ya faili moja. Binti anachagua jina, hagusi namba. Kwa PDF ambazo wateja huja nazo zikiwa tayari nzito, niliweka Ghostscript, programu huria ya kushughulikia PDF, na faili dogo la amri juu ya eneokazi: unaliburuzia PDF, inakutolea nyingine iliyopungua. Ghostscript ina daraja liitwalo ebook ambalo hushusha picha hadi nukta 150, na hilo limetosha karibu kila mara. Kila kitu kinafanyika ndani ya kompyuta ya duka, hata mtandao ukiwa umekatika.

Katika kuchunguza hayo ndipo nikaliona lile daftari lingine, la nywila. Wateja wanaofunguliwa akaunti za maombi walikuwa wakiacha nywila zao dukani "ili dada anisaidie tena". Zilikuwa zimepangwa kwa majina, kando ya gundi na mkasi. Kwa nywila za duka lenyewe tuliweka KeePassXC, programu huria ya kuhifadhi nywila kwa kufuli. Za wateja, mama aliamua mwenyewe, na nadhani aliamua sawa: kila mteja anachapiwa kikaratasi chake anaondoka nacho, na daftari limechomwa. Firefox nayo imewekwa ifunguke kwenye dirisha la faragha, maana mara mbili tatu mteja alikuta akaunti ya mwenzake ingali wazi.

Mfungo mosi na kadi za harusi

Nimekwisha kusema duka hufia mlangoni. Kwa duka hili mlango mkubwa kuliko yote ni harusi. Kabla ya Ramadhani watu huoana kwa haraka, na mfungo mosi ukiingia kamati zinafurika: kadi za mchango, kadi za mwaliko, bahasha. Kadi zote za duka zilitengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kadi na matangazo, na humo mlikuwa na hazina ya miaka ya mama: maua aliyoyachora binti aliyetangulia, mipaka ya dhahabu, aya na dua zilizopangwa vizuri.

LibreOffice, kupitia programu yake ya Draw, hufungua mafaili ya Publisher tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Kufungua ni jambo moja. Kadi rahisi zilikuja nzima. Zile zenye maandishi ya kupinda na herufi za mapambo zilikuja zimevurugika, nyingine hazitazamiki. Niliposhauri Publisher iondoke siku ileile na programu nyingine za kukraki, mama alikataa kata kata.

"Fundi, nina kamati nne zimeshalipa nusu. Ukiniondolea kadi sasa hivi, hao wataniondolea nguo."

Kisheria alikuwa amekosea, na nilimwambia. Kibiashara alikuwa amepiga hesabu sawasawa, na ningekuwa mimi sijui kama ningefanya tofauti. Tulikubaliana Publisher ibaki kwenye kompyuta moja, isiyounganishwa na mtandao, mpaka msimu upite. Wakati huo huo kila kadi ya zamani ilihifadhiwa kama PDF ili sura yake isipotee hata faili la asili likija kukosa wa kulifungua, na zile zinazopendwa zaidi zitengenezwe upya kwenye Scribus, programu huria ya kazi hiyo.

Scribus niliiogopea. Ni programu ya kupanga kurasa, haina upole wa Word: huandiki juu ya ukurasa, unachora fremu kwanza, ndipo uweke maneno au picha ndani yake. Lakini Publisher nayo hufanya hivyohivyo. Binti alizoea Scribus haraka kuliko makarani waliobobea kwenye Word niliowahi kuwaonyesha, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea fremu tangu zamani. Maua na mipaka tulichora kwenye Inkscape, ambako mchoro hauna pikseli, unaweza kuukuza ukawa bango la ukumbini na ukingo ukabaki mkali.

Majina ya waalikwa ndiyo yaliyoleta faida ya wazi. Zamani binti aliyaandika moja moja, kadi kwa kadi, "Bw. na Bi." mpaka vidole vinakufa ganzi. Sasa kadi zinachapwa zote zikiwa na nafasi tupu ya jina, kisha zinarudishwa kwenye printa mara ya pili. Orodha ya kamati iko kwenye Calc, sehemu ya majedwali ya LibreOffice, na Writer, sehemu yake ya kuchapa, inachukua jina moja kwa kila kadi. Lazima niseme kwamba hapa LibreOffice inachosha: kuisajili orodha kama chanzo cha data kuna hatua nyingi zisizo na mantiki kwa mtu mgeni, na nililazimika kuzichapa kwenye karatasi na kuzilaminesheni. Mara ikishakaa, inakaa. Mama alianza kutoza kidogo zaidi kwa kadi zenye jina lililochapwa, na kamati zinalipa bila kubishana.

(Karatasi za kadi, kwa wanaosoma wakiwa Pwani: zifungeni kwenye nailoni. Unyevu wa Tanga hukunja kadi, kadi iliyokunjika hukwama kwenye printa mara ya pili, na hapo hakuna programu ya kusaidia.)

Windows ilipokatiwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa mpango wa kawaida. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kwa upande wa Intel kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta za duka ni za kabla ya hapo. Zinafanya kazi vizuri, ila kwa hesabu za Microsoft zimeshazeeka.

Hapo sasa Linux ilikuwa na sababu, na watumiaji walikuwa tayari. Binti alikuwa ameshazoea LibreOffice, GIMP, Firefox na NAPS2, na zote nne zipo kwenye Linux zikiwa na sura ileile. Kompyuta mbili tuliziwekea Linux Mint, toleo la Xfce ambalo ni jepesi, linaloridhika na gigabaiti 4 za RAM. Kilichobadilika machoni pake kilikuwa menyu ya kuwashia na rangi. Nilihakikisha Carlito na Caladea zimo, maana kwenye Linux hakuna Calibri ya Windows ya kuegemea. Timeshift nayo inapiga picha ya mfumo mara kwa mara, ili mambo yakiharibika turudi nyuma.

Suala la flashi likaisha kwa namna ambayo binti alipenda kuionyesha kwa wateja. Flashi yenye kirusi kile cha njia za mkato ukiichomeka kwenye Mint, unaona kila kitu: folda halisi, njia za mkato za uongo, na faili la kirusi limelala kando, halina la kufanya kwa sababu liliandikwa kwa ajili ya Windows. Anafuta vya uongo, anamwonyesha mteja mafaili yake. Hii haimaanishi Linux haipati virusi, na duka bado linaweza kumpa mteja kirusi cha Windows kwa kunakili ovyo kutoka flashi hadi flashi, ndiyo maana niliweka ClamAV, kinga huria ya virusi, ya kupitia flashi kabla ya kunakili. Lakini mnyororo ulikatika. Yule fundi wa chuo sasa huwaelekeza wanafunzi flashi zao zikaoshwe pale.

Kompyuta ya tatu ilibaki na Windows, na sababu yake ni printa. Moja kati ya zile mbili, ndogo ya leza, haikupatana na Linux hata nilipoisumbua. Nyingine ilitambuliwa papo hapo na CUPS, mfumo wa kuchapa ambao Linux na kompyuta za Apple hushirikiana. Tofauti hiyo hutegemea mtengenezaji, kama ametoa kiendeshi au hajatoa. Anayenunua printa ya duka na atafute kwanza kama inakubali Linux, hata kama leo hana mpango nayo. Kompyuta hiyo ilikuwa na leseni halali ya Windows 10 iliyokuja nayo kutoka kiwandani, na mtu aliyeikraki hakuwa na habari. Mtumba wa ofisini mara nyingi huwa hivyo, inafaa kuangalia kabla ya kuiba ulichokwisha kununua. Niliisafisha, nikairudishia leseni yake, nikaiacha nje ya mtandao. Inachapa na kushikilia Publisher, basi.

Malipo yangu nayo yalizua mjadala wake. Mama alisikia tangu mwanzo kwamba programu ni za bure, na siku ya kulipa alitaka kujua ninadai nini. Nilimwonyesha orodha ya kazi: kuhamisha mafaili, violezo, mafunzo ya binti, ile karatasi ya hatua za majina. Alisoma yote kwa miwani yake, akakata kiasi, tukakubaliana. Kisha akaniuliza kama anaweza kumpa dada yake mwenye duka Pangani zile programu kwenye flashi. Anaweza, na hahitaji ruhusa yangu.

Bado kuna ile Publisher. Microsoft imetangaza kwamba itafikia mwisho Oktoba 2026, hivyo hata mwenye kuilipia atalazimika kuhama. Kadi zinazopendwa zimeshahamia Scribus. Zilizobaki ni za mapambo mazito, na binti anazitengeneza upya moja moja siku zisizo na wateja, akianza na zile ambazo kamati huziulizia kwa jina.